Anatafutwa Mnunuzi Mwenye Mdomo

Wanangu mnaouza nyumba kwa simu, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Nawaona mnavyopita hapa Masasi. Mnashuka kwenye bodaboda, mnapiga picha mlango, sebule na choo, mnaweka kwenye status, mnaondoka. Mwenye nyumba hajamaliza kuuliza habari za huko mtokako, ninyi mko njiani kwenda Lisekese kupiga nyingine. Sitaki kuwasema sana. Nasi tungekuwa na simu hizo tungezipiga hizo picha. Lakini mimi nimefanya udalali wa nyumba tangu nina nguvu za kutembea mpaka Chiwata na kurudi, hadi magoti yalipogoma. Binti yangu akaniambia, mama, pumzika sasa. Nikampa mdogo wangu wa kazini ofisi yangu, ambayo ilikuwa benchi mbele ya duka la mtu, nikaja kukaa nyumbani.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Mzee Koti, maana alivaa koti hata jua liwake namna gani. Yeye hakuwa anamwonyesha mtu nyumba wakati wa kiangazi. Alijifunza hilo baada ya kumuuzia mchungaji mmoja nyumba safi, kavu, yenye dari nyeupe, na mvua ya kwanza ikamkuta mchungaji wa watu kalala na sufuria kifuani. Toka hapo alingoja mvua inyeshe, ndipo anampeleka mnunuzi, wote wawili wameloa chapachapa, akimwambia tazama juu usitazame chini. Alinifundisha kugonga fremu za milango kwa kifundo cha kidole, kwa sababu mti ulioliwa na mchwa unaitika kama debe tupu. Alinifundisha kunusa nyuma ya kabati. Alinifundisha pia kwamba usimlete mnunuzi kabla hujala chakula uani na majirani wa nyumba hiyo. Alikuwa akifika anakaa, analetewa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi, anakula mpaka sahani inang'aa. Mimi nilidhani ni ulafi. Na ulafi ulikuwemo, tusimsingizie marehemu utakatifu. Ila mlo ule ndio ulikuwa unamwambia nani anagombana na nani, nani ana mgonjwa, na nani akiondoka patabaki pengo.

Sasa niwasimulie kuuzwa kwa hisa ya Mama Ester, maana hiyo ndiyo kazi iliyonifanya nielewe vizuri kile nilichokuwa nauza.

Kuna nyumba moja hapa mjini, kwenye mitaa ya makazi, chini ya vilima vya mawe, ilijengwa na tajiri mmoja kabla ya vita ya Hitla. Mawe na chokaa. Kuta zake ni nene kiasi kwamba ukipitisha mkono dirishani, kiwiko kinabaki ndani. Milango ni mninga ambao mchwa wameujaribu wakaacha. Tajiri alikwisha ondoka zamani, nyumba ikapita mikono mingi, mwishowe wapangaji sita waliokuwa wakiishi humo wakajiunga, wakaunda chama cha ushirika, wakainunua pamoja. Kila mmoja ana chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko dogo uani. Bomba moja, ua mmoja, paa moja. Hakuna mwenye hati yake peke yake. Kila mtu ana hisa, na hisa haihamii kwa mtu mwingine mpaka wanachama wote wakae uani na kila mmoja atamke kwa mdomo wake, "Nimeridhia." Mmoja asipotamka, hakuna mauzo.

Mama Ester alikuwa mwalimu mstaafu, Mmakonde wa Newala, mjane, muumini wa Anglikana asiyekosa ibada. Ester mwenyewe, mwanawe wa pekee, alikwisha fariki, lakini jina la mama linabaki hata mtoto akienda. Aliniita akanikalisha sebuleni akaniambia anauza. Presha ya macho ilikuwa inamfunga. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba kilichobaki kitapungua, na hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, yuko Newala kijijini, naye si mzima sana. Aliniambia, "Mama Selemani, nataka nifike huko nikiwa bado namwona mdogo wangu uso. Nikichelewa nitamshika tu mikono kama mtu baki."

Nikaona kazi ni rahisi. Nyumba imara, mtaa mtulivu, muuzaji mwenye sababu njema. Haikupita muda nikampata kijana wa Lindi mwenye duka la spea za pikipiki, mtu mstaarabu, hana kelele. Wanachama wakamwona wakampenda. Mwenyekiti wao, fundi baiskeli, akaitisha kikao Jumapili baada ya watu kutoka kanisani.

Hapo ndipo niwatajie Bi Somoe. Huyu alikuwa Myao, Mwislamu, mtu wa rika la Mama Ester, na chumba chake kilikuwa kimepakana na cha Mama Ester ukuta kwa ukuta. Watoto hakujaliwa, wapwa zake walitawanyika, wengine wako ng'ambo ya Ruvuma. Wayao na Wamakonde ni watani, na wale wawili walikuwa watani hasa. Asubuhi hata chai hawajanywa, utasikia, "Mla panya, umeamka?" Na mwenzake anajibu, "Nimeamka, Myao. Ngoma imekwisha lini huko, mbona umelala mapema?" Mgeni akipita angedhani wanataka kuuana. Kumbe huyo anayetukana ameshika bakuli la uji anampelekea mwenzake.

Kikao kikaanza. Mmoja akatamka, "Nimeridhia." Wa pili, wa tatu, wa nne. Ikafika zamu ya Bi Somoe. Akajifunga khanga vizuri akasema, "Mimi sijaridhia. Mmakonde huyu hatoki humu mpaka anizike."

Uani kote tukacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikadondoka. Mama Ester alicheka akajifuta macho yale mabovu, akasema Myao huyu hata kufa anataka atafutiwe kibarua. Kicheko kilipoisha mwenyekiti akasema basi, kikao kimepita, tukala wali tukatawanyika. Hakuna aliyejiuliza kama neno limetamkwa au halijatamkwa. Watu wa huku kwetu tumezoea kwamba mtani akikataa jambo, huko ndiko kukubali kwake.

Siku ya kijana kuhamia, alikuja na guta limebeba kitanda na friji. Tukamkuta Bi Somoe amekaa kizingitini pa Mama Ester, miguu ameinyoosha, mgongo kauegemeza kwenye mninga. Tukacheka tena. Utani huo tunaujua, mtani anaziba njia mpaka akombolewe. Mwenyekiti akaenda kuleta kuku, akamwekea mapajani, akasema haya mtani, pokea, tupishe. Bi Somoe akamtua kuku chini taratibu, kuku akaenda zake. Hakutazama. Mwenyekiti akaongeza unga wa mtama kwenye ungo. Akausogeza pembeni kwa mguu. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kuacha, mmoja mmoja.

Mama Ester akapapasa ukuta akaja, akakaa naye chini. Akamuuliza una nini, dada. Hilo neno "dada" sikuwa nimewahi kulisikia kati yao.

Bi Somoe akasema, "Ukienda, nani atanitania nikifa? Nitazikwa kimya kama niliyeiba."

Ninyi vijana mnafikiri utani ni maneno ya sokoni ya kumcheka mtu pua. Utani kazi yake kubwa iko msibani. Watani ndio wanaochota maji wakati wenye msiba hawajiwezi. Watani ndio wanaomwigiza marehemu, wanatembea kama yeye, wanasema uchoyo wake na ubishi wake, mpaka mjane aliyekuwa amekauka macho anacheka, na akishacheka analia vizuri. Mtu asiye na mtani anazikwa haraka, watu wanakunja mikeka wanaondoka. Bi Somoe hakuwa na mtoto wa kumlilia. Alichokuwa nacho ni Mmakonde mmoja upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikuwa nimemtafutia Mmakonde huyo gari la kuondoka.

Mwenyekiti akajaribu kusema kikao kilikwisha kupita, na yule kijana amekodi guta. Mama Ester akamkatiza. Akasema hakikupita. Somoe alikataa mbele yetu sote, sisi ndio tuliocheka. Kijana wa Lindi, Mungu amweke, alielewa kuliko wengi wetu. Akageuza guta na kitanda chake na friji, bila neno baya, nami baadaye nikamtafutia nyumba nyingine nzuri.

Nikabaki na Mama Ester sebuleni. Nilikuwa nimekasirika, nasema kweli, maana nilijua macho yake hayasubiri vikao vya watu. Nikamwambia aende tu Newala, hisa itauzwa siku yoyote. Akanijibu kwamba akienda bila kuuza hana cha kujengea, na mdogo wake anaishi kwenye kibanda chenye chumba kimoja kinachovuja. Nikamwambia basi tumbembeleze Bi Somoe. Akatikisa kichwa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, kisha akasema, "Nitafutie Mmakonde. Mwenye mdomo."

Wanangu, nimepewa masharti mengi katika kazi hii. Nimeambiwa nitafute mnunuzi asiyefuga mbwa, mnunuzi asiyepika pombe, mnunuzi mwenye mke mmoja. Mnunuzi mwenye mdomo sikuwahi kutumwa. Nikarudi kwenye benchi langu nikakaa nikaona dunia imenigeukia.

Wamakonde si shida kuwapata Masasi. Wenye mdomo nao wapo. Shida ni Mmakonde mwenye mdomo anayetafuta chumba na sebule, na anayeweza kukinunua. Wa kwanza niliyempeleka alikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa Newala mjini, shati limepigwa pasi. Nilimweleza mapema kwamba kuna bibi mmoja atamsema, amjibu. Akaitika, sawa mama. Tukafika uani, Bi Somoe akamtazama toka viatu mpaka kichwa, akasema, "Wamenletea mla panya mwingine. Huyu mikia anatupa au anakula yote?" Kijana akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, bibi." Bi Somoe akasema marahaba, akaendelea kuchambua mboga zake. Tulipokuwa tunatoka, Bi Somoe akaniita kando akaniambia kijana ni mzuri, amelelewa, ila atamzika kama anayefunga mlango wa ofisi.

Wa pili alikuwa na mdomo, lakini mdomo wa matusi ya kweli, yale ya kulewa. Huyo nilimtoa mwenyewe kabla ya salamu kuisha.

Wakati huo Mama Ester alikwisha anza kumimina chai nje ya kikombe. Nilikuwa naenda pale kila nikipata nafasi, nami namwona anavyosogeza uso karibu na vitu. Siku moja nilimkuta amesimama uani anatazama upande wa mashariki, nikadhani anaona kitu, kumbe anapima tu mwanga. Nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya kula. Nikamlaumu Bi Somoe moyoni, kisha nikamwonea huruma, kisha nikamlaumu tena.

Mwisho nikamkumbuka Mariamu. Huyu nilikuwa nanunua kwake ng'onda sokoni, wale samaki wakavu wa kutoka pwani. Mmakonde wa uwandani huko juu, ameachika, hana mtoto nyumbani, na kwa miaka alikuwa anadunduliza apate pake. Sikuwa nimemfikiria kwa sababu ya harufu, niliogopa wanachama watamkataa pua zikiwatangulia. Nikamwendea. Sikumfundisha neno hata moja, nilimwambia tu twende ukaone chumba, kuna Myao pale.

Tuliingia uani amebeba tenga lake kichwani. Bi Somoe alikuwa anapepeta mchele. Akanusa hewa, akauliza bila kuinua macho, "Mmakonde, ndonya yako ya mdomoni umeiacha wapi?"

Mariamu akatua tenga. Akajibu, "Nilimwazima mama yako afunikie chungu. Mpaka leo hajarudisha, ndivyo mlivyo Wayao."

Nikasikia mlangoni kwake Mama Ester anashusha pumzi. Bi Somoe aliacha kupepeta. Akamtazama Mariamu, naye Mariamu akajikalia mkekani bila kukaribishwa, akachukua ungo mikononi mwake akasema lete, mchele wa watu unaupepeta kama unacheza sindimba, na sindimba yenyewe ni yetu. Akaanza kupepeta yeye. Wakakaa hivyo, mchele unapanda na kushuka. Halafu Bi Somoe akavuta khanga akajifunika uso, na kutoka humo ndani nikasikia, "Nimeridhia."

Alilia pale. Hakuna aliyemnyamazisha. Alikuwa amepata mtani wa kumzika, na kwa neno hilohilo alikuwa amemfungulia mlango yule aliyempenda aondoke. Mama Ester naye akaja akipapasa, akakaa upande wake wa pili, na Mariamu, ambaye hakujua hata nusu ya habari, akasema kwani nyumba hii mnalia kabla ya msiba, msiba ukija mtafanya nini. Mimi nikatoka nje nikasimama barabarani.

Kikao kilifanyika tena, maneno sita yakatamkwa, mimi nikiyahesabu kwa vidole. Mama Ester akaondoka na gari ya Newala siku ya mvua nyepesi. Nilimsindikiza mpaka kule. Gari lilipomaliza kona za mlimani na kutoka juu uwandani, alishusha kioo akatoa uso nje kama mtoto. Mdogo wake alikuwa amesimama njiani chini ya mkorosho, kajifunika gunia kichwani. Mama Ester alimshika mashavu akamsogeza karibu kabisa, pua kwa pua, akamtazama. Akamwambia, "Umezeeka vibaya." Wakacheka wote wawili. Kwa hiyo aliwahi. Nilirudi Masasi nikiwa na amani, nikaendelea na kazi zangu.

Sisi sote tulidhani tunajua nani atatangulia. Bi Somoe ndiye aliyekuwa na pumu, ndiye aliyekuwa anajitayarisha. Lakini msimu wa korosho uliofuata ikaja simu kutoka Newala, Mama Ester amelala hakuamka. Nilipofika kwa Bi Somoe nilimkuta amekwisha funga kifurushi, Mariamu anamfunga viatu. Tukapanda gari watatu.

Tulikuta msiba mkubwa, kwaya ya kanisa, walimu wastaafu, watu wa kijiji. Wayao wachache wa pale walikuwa wakifanya kazi ya utani, lakini walikuwa hawamjui sana marehemu, wakisema panya, wakisema ndonya, vya kawaida. Bi Somoe aliposhuka wakaelezwa huyu ndiye mtani wake hasa, wakamwachia uwanja. Watu wakakusanyika karibu. Wengine walikwisha anza kutabasamu, wakingoja.

Alisimama mbele ya jeneza. Aliliangalia mpaka watu wakatazamana. Mdogo wake Mama Ester aliinua kichwa. Mariamu akasogea amshike mkono, Bi Somoe akautoa.

Kisha akasema, "Mmakonde huyu alikuwa anakoroma."

Watu wakacheka kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wamengoja.

"Ukuta ule ni mawe matupu, umejengwa kabla ya vita, lakini nilikuwa namsikia. Nilimgongea kwa mwiko miaka yote. Nikimwambia mla panya, geuka, unaniua."

Wakacheka tena, na mdogo wake akacheka, machozi yanamtoka.

"Tangu alipohama," Bi Somoe akasema, "silali."